Kwa mliokubali majina yenu yaandikwe: barua ya wazi kwa bodi za vituo vya sanaa

Waheshimiwa wenyeviti, ndugu wajumbe, na ninyi waanzilishi mliotuita,

Nawaandikia nikiwa mwenzenu. Kazi yangu ni uhasibu, na kwa kujitolea ni mjumbe wa bodi ya kituo kidogo cha sanaa hapa Dar es Salaam, ambacho sitakitaja. Kina ukumbi wa mabati, seti ya ngoma, darasa la uchoraji la Jumamosi na deni la kodi ya pango. Nadhani mnakifahamu, maana chenu hakitofautiani nacho sana.

Najua tulivyoingia. Simu ilipigwa: "Mama, shikamoo. Hatuhitaji fedha yako, tunahitaji jina lako tu. Vikao ni viwili kwa mwaka." Fomu ya usajili ilidai majina ya viongozi, mfadhili naye akataka kuona bodi kwenye andiko la mradi, basi tukatafutwa: daktari mstaafu, wakili, mhadhiri, mtu aliyewahi kuwa na cheo wizarani. Tukakubali kwa nia njema, na nia hiyo siibezi. Lakini tangu siku ile majina yetu yanatumika. Mzazi anayemleta mtoto, mwalimu wa ngoma anayesubiri mshahara, mwenye nyumba anayevumilia mwezi wa tatu bila kodi, wote wanaamini kuna watu wazima wanaoangalia.

Je, tunaangalia? Mkurugenzi huwasha projekta, tukatazama picha za tamasha: watoto wa sarakasi wamepandana mabegani, mgeni rasmi anakata utepe. Tunapiga makofi. Mjumbe mmoja anauliza kwa nini nembo imebadilishwa rangi, na hilo linatuchukua nusu saa nzima. Hesabu zinaletwa saa saba mchana, harufu ya pilau imeshafika ukumbini: karatasi moja, jumla ya mapato, jumla ya matumizi. "Kuna swali?" Hakuna. Muhtasari unaandikwa kwamba bodi imepokea na kuridhia.

Acheni niseme kile ambacho karatasi hiyo haionyeshi, kwa kuwa ndicho kinachoviua vituo hivi. Fedha ya mradi huja na masharti. Mfadhili atalipia tamasha, fulana, mabango, vyombo vya sauti na jukwaa. Mlinzi wa usiku hamlipii. Paa linalovuja halilipii, na kodi ya pango ataipa fungu dogo lisilofika hata miezi minne. Mkurugenzi anafanya nini? Anachota kwenye akaunti ya mradi, analipa kodi, anajiambia atarudisha fungu lijalo likiingia. Fungu lijalo likiingia linaziba pengo la lililopita, na mchezo huo unaweza kwenda miaka bila mtu kugundua, hadi mfadhili anapomaliza mkataba wake na kuleta mkaguzi. Hapo ndipo bodi inapoitwa kikao cha dharura, na wajumbe wanashangaa. Mara nyingi si wizi. Wakurugenzi wengi ninaowafahamu wanavaa viatu vilevile mwaka hadi mwaka. Ni upungufu ambao ungeonekana mapema kama mjumbe mmoja angeomba taarifa ya benki ailinganishe na vitabu.

Tena kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Sheria inataka mchango wa asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi hukatwa kabla hajaupokea. Kituo kikibanwa, fedha hiyo ndiyo ya kwanza kutopelekwa, kwa sababu haipigi kelele. Mwalimu wa ngoma haendi NSSF kila mwezi kukagua; atakwenda siku magoti yamechoka, akute mapengo. Kama wewe ni mjumbe na hujawahi kuomba kuona risiti za michango hiyo, tafadhali usijiite mlezi wa wasanii.

Msinijibu kwamba haya ni matatizo ya vituo visivyo na jina. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu 2004 na kujulikana duniani kote, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoanzishwa 2002 na kulea wapiga qanuni, udi na fidla wa kizazi kizima, mwaka 2019 kilitangaza hadharani kwamba kinaweza kufungwa kwa ukata. Wenyewe walipaza sauti mapema, na hilo ni la kuwasifu. Ninachowauliza ni hiki: kama wenye majina makubwa hivyo walifika ukingoni, ninyi mna akiba ya miezi mingapi benki? Msiangalie karatasi. Jibuni kwa kichwa. Kama hamjui, hilo nalo ni jibu.

Si kwamba hatukuwahi kujua kuendesha mambo haya. Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa 1905 na ingali hai. Mwenzake, Culture, yaani Mila na Utamaduni, ni ya 1958. Zimeishi kwa sababu ni klabu zenye wanachama na viongozi wao. Makundi ya zamani ya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, yalikuwa na vyeo vya kijeshi vya kuchekesha, lakini nyuma ya vyeo hivyo watu walichangishana na kuzikana. Hapa Dar, baada ya mchoraji Edward Saidi Tingatinga kuuawa mwaka 1972, jamaa na wanafunzi wake waliendelea pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Sisemi ilikuwa pepo. Klabu za taarabu zimegombana na kumeguka mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Ila ugomvi wa namna hiyo huhitaji wenye mali. Kwetu nani agombane? Bodi haina wanachama wa kuiondoa, inajichagua yenyewe, na inawajibika kwa mfadhili aliye mbali ambaye akiondoka hatubaki na wa kumjibu. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipopotea, zamani kabla fedha hazijapungua.

Suluhisho lake halina siri: wapeni wazazi, walimu na wasanii wanaotumia ukumbi uanachama halisi, wenye ada, hata iwe shilingi elfu mbili kwa mwezi, na mkutano mkuu wenye nguvu ya kutupigia kura ya kutuondoa. Ada hiyo haitalipa kodi yote. Itawapa haki ya kuuliza iliyobaki imetoka wapi.

Najua pingamizi. "Msanii akikaa bodini atajipendelea." Anaweza. Daktari naye anaweza kumpendelea mpwa wake kwenye zabuni ya kupaka rangi, na tumeyaona. Mwenye maslahi na jambo hutamka, hutoka nje, na muhtasari huandika kwamba alitoka. Hilo ni rahisi kuliko kuwa na bodi ya watu tisa ambayo haina hata mmoja anayejua ngozi ya ngoma inauzwa bei gani.

Suala la posho ni gumu zaidi, nami nimelibadilishia mawazo zaidi ya mara moja. Wengine watasema kujitolea ni kujitolea, usichukue hata nauli. Lakini bodi isiyorudisha nauli ni bodi ya wenye magari. Kijana wa Mbagala anayepoteza siku ya kibarua kuja kikaoni anastahili nauli yake na chakula, bila kuonewa haya. Ninachokataa ni bahasha. Mjumbe mwenye pensheni na nyumba mbili anasaini posho ya kikao mezani, wakati mwalimu aliyefundisha Jumamosi iliyopita yuko nje anangoja kuzungumza na mkurugenzi kuhusu mshahara wa mwezi wa pili. Hapo neno kujitolea tulifute kwenye tovuti.

Kwenu waanzilishi nitasema kwa heshima, maana bila ninyi ukumbi usingekuwepo, na wengi mliuza mali zenu kuujenga. Msiwe mwenyekiti, mkurugenzi na mtia saini wa hundi kwa pamoja. Anayewaomba hilo anawapenda zaidi ya anayewapigia makofi. Siku mtakapougua, benki haitafungua akaunti kwa ajili ya machozi ya wanafunzi wenu.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, inataka taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa zifike kwa Msajili wa mashirika hayo. Mkaguzi analipwa, ndiyo, na vituo vidogo hulia kwamba havina fedha hiyo. Basi bodi itafute mkaguzi atakayepunguza ada. Hiyo ndiyo kazi ya majina makubwa mliyopewa viti kwa ajili yake. Wewe wakili, pitia mkataba wa pango kabla haujaisha. Wewe mhadhiri, andika maombi ya ruzuku usiku mmoja badala ya kuyasifu yaliyoandikwa na wengine. Mwenye cheo cha zamani, ondoka nyumbani uende kuomba miadi na kampuni ile ambako mkurugenzi wetu huachwa getini.

Kabla ya kikao kijacho, ombeni kwa maandishi taarifa ya benki ya miezi 12, orodha ya madeni yote pamoja na mishahara, na risiti za NSSF. Ombeni zije wiki mbili kabla, msomee nyumbani, na hesabu ziwe ajenda ya kwanza, kabla ya picha. Mkinyimwa, itisheni kikao wenyewe. Na asiye na muda wa hayo aandike barua ya kujiuzulu, nakala kwa Msajili, ili kiti apewe mtu atakayekikalia.

Wenu katika kazi,

Mjumbe wa bodi, Dar es Salaam