Shali ya Mwuguzaji

Ugonjwa uingiapo nyumbani haumpati aliye kitandani peke yake. Yeye huugua, aliye kando ya kitanda huuguza, naye hulemewa vile vile. Watu wajao kutazama humwuliza mgonjwa hali yake. Ni wachache wamwulizao mkewe au mamaye kama amekula au amelala. Kwa hiyo desturi ya kumfumia mwuguzaji shali, yaani nguo nzito ya kujifunika mabega, ni desturi ya hekima, nayo yastahili sifa.

Desturi hiyo ilianza Marekani, katika jimbo la Connecticut, mwaka 1998. Wanawake wawili, Janet Bristow na Victoria Galo, waliokuwa wamesoma katika chuo cha dini cha Hartford, walianza kufuma shali na kuwapa watu wenye dhiki: wagonjwa, waliofiwa, na wenye kuuguza. Mfumaji humwomba Mungu huku akifuma, akimkumbuka yule atakayeivaa. Baadaye desturi ikaenea katika makanisa mengi. Wengine hufuma kwa sindano mbili, wengine kwa kulabu.

Kazi ya kulabu yataka vitu viwili tu: kulabu ndogo na uzi wa sufu. Mfumaji hufanya kitanzi, hupitisha kulabu ndani yake, huvuta uzi, na kitanzi cha pili hutokea katika kile cha kwanza. Hufanya hivyo safu juu ya safu, hata shali itoshe kuzunguka mabega ya mtu mzima. Hapana kitanzi kisimamacho peke yake. Kila kimoja hushikwa na mwenziwe. Na cha mwisho kisipofungwa, uzi ukivutwa, kazi yote hufumuka.

Wako wasemao, "Shali haiponyi homa. Heri kumpelekea mwuguzaji chakula, au kumshikia zamu apate kulala." Maneno hayo yana kweli ndani yake. Mtu ampelekeaye shali mama mwenye njaa, asimpelekee chakula, amekosa. Wala shali isiwe udhuru wa kutokwenda kumtazama. Lakini chakula huliwa kikaisha, na wageni hurudi kwao jua likichwa. Usiku wa manane, mwuguzaji akeshapo kitini katika baridi, akisikiliza pumzi za mgonjwa, ndipo ajuapo faida ya shali. Humtia joto, tena humkumbusha kwamba yuko mtu aliyeketi siku nyingi akimfikiri yeye, wala si mgonjwa tu. Kitu cha dukani hununuliwa kwa dakika moja; shali ya vitanzi maelfu haifumwi kwa dakika moja.

Basi, mfumaji na achague uzi mwororo usiowasha shingo, tena uwezao kufuliwa mara kwa mara, kwani nguo ikaayo karibu na kitanda cha mgonjwa huchafuka upesi. Asichague rangi aipendayo yeye, bali aipendayo atakayeivaa. Akiona kosa kubwa katika safu, afumue arudie. Lakini kosa dogo lisimcheleweshe, kwani ugonjwa haungoji. Wala asidai shukrani, maana mtu aliyechoka kwa kukesha pengine hana neno la kusema.

Wahenga walisema, Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwanafunzi asiyejua bado kufuma aweza kuanza kwa jambo jepesi. Siku atakapokwenda kumtazama mgonjwa, akiisha kumsalimu, na amgeukie yule aketiye kando ya kitanda, amwulize kwa upole, "Na wewe, mama, hujambo? Umepata kulala?"