Kiti cha Martha

Kila stori ya Martha Hughes Cannon inapozunguka mtandaoni, watu hucheka mahali pamoja: eti mwanamke alimbwaga mumewe kwenye kura. Ni kweli. Mwaka wa 1896, katika jimbo la Utah, Marekani, Martha aligombea useneti wa jimbo kwa tiketi ya Democrat. Mumewe, Angus, alikuwa kwenye kinyang'anyiro hichohicho kwa tiketi ya Republican. Martha akapita, Angus akaanguka. Mke wa nne kati ya sita akawa mwanamke wa kwanza Marekani kuwa seneta wa jimbo. Tamu, sivyo?

Mimi imenichosha. Inamfanya Martha kichekesho cha ndoa, kazi yake inasahaulika.

Martha alikuwa daktari, na udaktari wake aliingia nao bungeni. Alipeleka mswada wa kuunda Bodi ya Afya ya jimbo, na ilipoundwa 1898 akawa mjumbe wake. Akapeleka mwingine wa kuwalazimu wenye maduka kuwawekea wauzaji wa kike viti.

Viti! Hapo ndipo sichekagi.

Niliuza viatu miezi minane katika duka moja hapa Nairobi. Saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, wima. Viti vilikuwepo, lakini vya wateja. Siku moja duka halina mtu, miguu imevimba, nikakalia kimoja. Bosi akanikata pesa ya nusu siku. "Hapa hatulipi watu kukaa."

Sikujua kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kukaa kwa wanaofanya kazi wamesimama. Wenzangu pia hawakujua. Sheria ilikuwepo, kiti hakikuwepo.

Mtaniambia kiti ni kitu kidogo. Afya ya umma ni nini basi, kama si maji, choo na kiti? Sisi hushangilia mswada ukipita, tunampigia mheshimiwa makofi, halafu hakuna anayeufuata hadi dukani. Martha alitunga sheria ya bodi, kisha akaenda kuketi kwenye bodi yenyewe, kwenye kazi isiyo na makofi. Hiyo ndiyo stori ya kusambaza.

Na ukiingia dukani leo, chungulia nyuma ya kaunta. Kama yule dada hana kiti, uliza kwa nini. Uliza kwa sauti, bosi asikie.