Kuombea watu uhai jukwaani si siasa

Kuna neno ambalo mwanamuziki huambiwa kabla ya kupewa mikro: imba, lakini usituletee siasa. Leo nataka tulipime neno hilo kwa mambo mawili yaliyotokea Ulaya, kisha turudi kwetu.

Eurovision ni mashindano ya nyimbo yaliyoanza mwaka wa 1956. Kila nchi inapeleka wimbo mmoja, na mamilioni ya watu wanafuata kwenye televisheni. Sheria yake inakataza ujumbe wa siasa jukwaani.

Mwezi wa tano mwaka wa 2019, mashindano yalifanyika Tel Aviv, nchini Israeli. Iceland iliwakilishwa na kundi linaloitwa Hatari. Katika lugha yao jina hilo ni mtu mwenye chuki. Sisi tunalielewa kwa namna yetu. Kura zilipokuwa zinatangazwa na kamera ikawageukia, walionyesha vitambaa vyenye bendera ya Palestina. Televisheni ya nchi yao ikatozwa faini ya euro 5,000.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 mwezi wa tano 2022, ilikuwa zamu ya Turin, Italia. Kundi la Ukraine, Kalush Orchestra, lilipomaliza kuimba, kiongozi wake Oleh Psiuk aliomba msaada kwa nchi yake, kwa mji wa Mariupol na kwa kiwanda cha Azovstal, ambako wapiganaji wao walikuwa wamezingirwa. Waandaaji hawakuwapa adhabu. Walisema kwamba hilo ni jambo la utu, si siasa. Ukraine ikashinda. Baadaye kundi liliuza kombe lake kwa dola 900,000, na pesa zikaenda kununulia jeshi ndege zisizo na rubani.

Mimi siwalaumu Waukraine. Ambaye nyumba yake inaungua hapangiwi namna ya kupiga kelele. Ninachosema ni kwamba mlango uliofunguliwa kwao usifungwe kwa wengine. Kama kuwaombea watu wa Mariupol ni utu, basi kuwaombea watu wa Gaza, wa Masisi, wa Rutshuru ao wa Djugu ni utu uleule. Sheria inayobadilika kufuatana na anayelia si sheria tena.

Kwetu tulishaona kitu kinachofanana na hicho, ingawa kilikuwa uwanjani. Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, huko Abidjan, kabla ya kucheza na Côte d'Ivoire, wachezaji wa Léopards walisimama kwenye wimbo wa taifa wakiwa wameziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine vikielekezwa kichwani kama bunduki. Tulifungwa 1-0. Lakini watu wengi ambao hawakuwa wamesikia habari za Kivu waliuliza: vijana hawa wanasema nini?

Mtaniuliza, hiyo inasaidia nini kwa mama anayelala chini ya hema? Nawajibu bila kuwadanganya: mikro haisimamishi bomu. Siku mbili baada ya Turin, wapiganaji wa Azovstal walianza kujisalimisha. Na baada ya Abidjan, wahami hawakurudi mashambani mwao.

Lakini asiyejulikana kuwa anateseka hawezi hata kusubiri msaada. Ndiyo maana nawaomba wanamuziki wetu wanaoalikwa Paris, Brussels ao Nairobi: msiishie kusema "amani Congo" halafu mwendelee na dansi. Psiuk alitaja mji, akataja na kiwanda. Nanyi tajeni kijiji, tajeni barabara, semeni watu wamekosa nini na nani anaweza kukileta. Sekunde kumi zinatosha.

Na sisi tunaosikiliza, tuwe na haki. Aliye Ulaya anahofia faini ao kukosa mwaliko. Aliye hapa anahofia mengine. Delcat Idengo alifungwa kwa ajili ya nyimbo zake, na tarehe 13 mwezi wa pili 2025 aliuawa kwa risasi hapa Goma. Kwa hiyo tusimwite mwoga kijana wa mtaani anayeimba mapenzi tu. Ana mama, ana wadogo zake, na anajua anapolala.

Deni hili liko kwa wale wanaopanda jukwaa na kurudi hotelini salama. Wakiambiwa wasilete siasa, wajibu hivi: ninawaombea watu waishi, na Turin mlishakubali kwamba hilo ni utu.