Titi jekundu lisipopona, lipimwe

Nina neno kwa akina mama wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Kuna saratani adimu ya matiti ambayo mara nyingi haina donge: titi huvimba ghafla, huwa jekundu na lenye joto, ngozi ikawa kama ganda la chungwa. Wengi hudhani ni maambukizi ya kunyonyesha. Kwa kawaida tiba yake ni kemotherapia, kisha upasuaji, halafu mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mgonjwa wa Taveta hawezi kwenda kwenye kituo cha mionzi kilicho mbali na kurudi kila siku. Kaunti yetu ya Taita Taveta itenge fedha za malazi ya wagonjwa kama huyo. Nanyi dada zangu, dawa za maambukizi zisipoleta nafuu ndani ya wiki moja, rudini hospitali mkadai kupimwa saratani.