MKAMWANA SI KIBARUA



Hapa Mbangala mkamwana analima mahindi na ufuta tangu alfajiri. Mavuno yakiuzwa haulizwi. Akisema, anaitwa mgeni. Mgeni gani mwenye sugu za jembe lenu?

Mnasema: "Tumemtolea mahari." Wallahi mmekosea! Mahari ni mali yake mwenyewe, Suratun Nisaa aya ya 4, si bei ya nguvu zake. Na aya ya 32 inampa mwanamke fungu katika alichochuma. Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Ewe mume, usijifiche nyuma ya mama yako. Kumtii mama si kumdhulumu mke. Magunia yakihesabiwa, mkeo awepo.

Allah atuongoze. Aamin.