Lupopo na Mazembe: nani anazidi mwenzake ku mizani?

Siku ya derbi, Naviundu inagawanyika. Baba ni wa Lupopo, mtoto ni wa Mazembe, na kila mtu anasema ekipe yake ndiyo kubwa. Lakini je, ziko kweli sawa kwa sawa?

Wachina, ambao wakaaji wa Lubumbashi wamewazoea sababu ya shaba na kobalti, wana msemo kwa jambo hilo. Kwa Kikantoni, luga ya Hong Kong, wanasema « bun gan baat leung »: nusu gan, leung nane. Hivyo ni vipimo vya sokoni. Kwa mizani ya zamani, gan moja ina leung 16, basi nusu yake ni leung 8. Majina mawili, uzito mmoja.

Namna ya kuutumia? Unasemwa juu ya wawili wasiozidiana. Lakini angalia: mara nyingi si sifa. Wawili wakiitana mwizi, na wote wameiba, hapo ndipo unafaa sana.

Tupime basi. Ekipe zote mbili zilizaliwa 1939: Mazembe kwa wamisionere Wabenedikto, Lupopo kwa watu wa reli. Hapo beko sawa. Kwa vikombe, mizani inainama: Mazembe imekuwa bingwa wa Afrika mara 5 (1967, 1968, 2009, 2010 na 2015), Lupopo hata mara moja. Hapo msemo haufai.

Kwa siasa, uzito unakaribiana tena. Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, ndiye wa Mazembe. Jacques Kyabula, aliyechaguliwa gavana wa Haut-Katanga 2019, ameongoza Lupopo. Ndiyo maana matusi ya mpira yanageuka upesi kuwa matusi ya siasa, na hatari inaanzia hapo.

Kijana wa nyeusi na nyeupe akirusha jiwe, na wa buluu na manjano akilirudisha, usiulize nani ana vikombe vingi. Hao wawili ni nusu gan na leung nane. Kombe halimwoshi mtu damu. Wakubwa watarudi kwao ndani ya motokari. Hawa vijana, kesho asubuhi, watakutana ku foleni moja ya maji.