Kompyuta Kuukuu: Kwa Nini Kazi Ianzwe Upya?

Kuna desturi iliyoenea miongoni mwa vijana wanaojifunza kazi za kompyuta, nami naona haifai kunyamaziwa. Kijana huijenga programu kubwa katika mashine kuukuu, kazi ikaenda usiku kucha, mara umeme ukakatika. Umeme ukirudi, hufuta yote akaanza upya. Tena mafundi wakubwa ndio wamshaurio hivyo!

Mimi nasema huo ni ushauri wa wenye mashine za kasi, ambao kwao kuanza upya ni muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

Tuchukue mfano wa GCC. Hii ni kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi ya fundi yawe lugha ambayo mashine yaifahamu. Richard Stallman aliitoa mara ya kwanza mwaka wa 1987. Kuijenga si mchezo, kwani kwa kawaida hujengwa mara tatu: kwanza kwa kompaila iliyopo, kisha ile mpya hujijenga yenyewe, kisha hujijenga tena, na matokeo ya mara mbili za mwisho hulinganishwa ili ijulikane kama ni sawasawa. Katika kijimashine kama Raspberry Pi ya kwanza ya mwaka wa 2012, kazi hiyo hula usiku na mchana. Sasa mtu aambiwe afute?

Anayesimamia ujenzi huo ni programu iitwayo make, aliyoitunga Stuart Feldman huko Bell Labs, Marekani, mwaka wa 1976. Shughuli yake ni kutazama nyakati. Faili iliyokwisha kujengwa ikiwa mpya kuliko maandishi yake ya asili, make huipita. Ikiwa kongwe au haipo, huijenga. Basi ukiandika make tena katika folda ile ile, huendelea pale ilipokomea. Mshona kofia wa Lamu hafumui alichokwisha kushona kwa kuwa taa imezimika.

Hata hivyo, hadhari yatakiwa. Ukiikatiza make kwa mkono wako, huifuta yenyewe faili ambayo haijaisha. Umeme ukikatika haipati nafasi hiyo. Hubaki faili mbovu, pengine tupu kabisa, lakini yenye saa mpya, nayo make hudhani imekamilika. Zitafute faili za dakika zile za mwisho, uzifute hizo tu.

Tena kuna tarehe. Mashine nyingi kuukuu betri ya saa imekufa, na hiyo Raspberry Pi haikuundwa na saa ya betri. Ikiwaka na tarehe ya zamani, faili mpya huonekana kongwe, na make hujenga yale yale tena na tena. Sahihisha tarehe kwanza. Na kama kilichokatiza kazi ni upungufu wa memori, agiza make -j1 ili ifanye jambo moja moja. Itakawia, naam, lakini itafika.

Nakubali kwamba aliyebadilisha kompaila au masharti ya ujenzi katikati hana budi kuanza upya, maana vipande vya zamani havitalingana na vipya. Mwingine sioni udhuru wake. Umeme twaununua kwa tokeni, na kijana mwenye mashine moja ya mtumba, akishafuta kazi ya siku mbili mara mbili tatu, huiacha elimu yenyewe, akasema kompyuta si za watu kama sisi.